Clarkston: Atlanta ambayo si Atlanta



Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa Lweba. Alileta kipande cha karatasi chenye anwani ya binti yake, ambaye alitoka kambi ya Nyarugusu na kupelekwa Marekani. Akauliza: "Mchungaji, mtoto kila siku ananiambia yuko Atlanta. Mbona hapa wameandika Clarkston? Tena anasema kufika mjini ni shida, hana njia. Mtu anakaa Marekani namna gani akose njia?"

Huyu mama hakuuliza vibaya. Ndani ya maswali yake mawili iko jiografia nzima ya mji wa Kimarekani, na ugomvi mwingi wa familia zetu unatoka pale pale: sisi tunawaza mji mmoja, wao wanakaa katika mwingine.

Tuanze na karatasi yenyewe. Anwani ya Marekani huanza na kidogo na kuishia na kikubwa. Kwanza namba ya nyumba na jina la barabara, halafu namba ya chumba ikiwa ni jumba la kupangisha, halafu jina la mji, halafu herufi mbili za jimbo, mwishoni namba tano za posta. GA ni jimbo la Georgia, kusini-mashariki mwa nchi. 30021 ni posta ya Clarkston. Na Clarkston si kartie ya Atlanta. Ni mji wake wenyewe, wenye meya wake, baraza lake na polisi wake, umbali usiofika kilomita 20 kutoka katikati ya Atlanta. Huko Marekani mji mkubwa huzungukwa na vimiji vingi vya namna hiyo, kila kimoja na mairi yake. Watu wake husema "Atlanta" kwa sababu ndilo jina ambalo dunia inalijua. Hata sisi tunafanya hivyo. Mtu wa Lweba akiwa Bukavu anasema ametoka Baraka, akiwa Kinshasa anasema Fizi, akifika Ulaya anasema Bukavu, na hakuna anayemwita mwongo.

Kuna jambo lingine linalochanganya watu. Juu ya mji kuna kaunti, ambayo tunaweza kuilinganisha kidogo na teritware yetu. Clarkston iko ndani ya kaunti ya DeKalb. Sasa namba ile ya posta, 30021, inavuka mpaka wa mji. Basi wengi wanaoandika "Clarkston" kwenye barua zao hawamo ndani ya mji hata kidogo. Wako nje ya mstari, chini ya kaunti peke yake, na hawapigi kura kumchagua meya wa Clarkston. Mfano unaojulikana ni Brannon Hill, makao ya wakimbizi wengi, hasa Wasomali. Pale nyumba zilizoungua moto zilikaa miaka mingi bila kuondolewa, kwa kuwa kila chumba kilikuwa na mwenyewe wake na barabara za ndani hazikuwa za serikali. Katika miaka ya 2010 ndipo kaunti ilianza kuzibomoa. Mkipata picha ya magofu kama hayo kwenye simu, msiseme mtoto amewadanganya kwamba yuko Marekani. Hata kule magofu yapo.

Mji wa reli na wa mbuzi

Clarkston ni mtoto wa reli. Reli iliyotoka Augusta ilifika Atlanta mwaka 1845, na vituo vidogo vikaota kandokando yake. Clarkston ilipewa haki ya mji mwaka 1882, ikachukua jina la Clark, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya reli. Watu waliokaa pale walikuwa wakulima wadogo na wafanyakazi wa reli, Wazungu wa hali ya kawaida. Walifuga mbuzi sana, hata wengine wakauita mji wa mbuzi. Hadi leo timu za shule ya sekondari ya Clarkston zinaitwa Angoras, ni kusema mbuzi wa manyoya marefu. Nawaza Babembe waliofika kule wakiwa na hamu ya mbuzi wa kuchoma, na kumbe mbuzi mwenyewe anachorwa tu kwenye jezi.

Treni za mizigo zinapita katikati ya mji mpaka sasa. Mahali hapo pa reli, kwenye barabara ya East Ponce de Leon, ndiyo Clarkston ya zamani: nyumba za familia moja moja, kila moja na majani yake mbele na miti mikubwa. Mji wote haufiki kilomita 5 za mraba. Kijana mwenye miguu mizuri anaweza kuuvuka wote kwa miguu kabla chai haijapoa. Mwaka 2010 walihesabu watu 7,554. Mwaka 2020 walihesabu 14,756. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka kwa kusogeza mpaka na kuingiza majumba yaliyokuwa nje.

Upande wa mashariki, kilomita chache tu, liko jiwe moja kubwa ajabu, mlima mzima wa jiwe tupu, jina lake Stone Mountain. Juu ya jiwe hilo, mwaka 1915, Wazungu fulani walichoma msalaba na kuanzisha upya Ku Klux Klan, kile kikundi kilichowatesa na kuwaua watu Weusi. Ubavuni mwa jiwe walichonga sura za wakubwa watatu wa upande uliopigana ili utumwa ubaki. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1972. Martin Luther King, ambaye alizaliwa Atlanta mwaka 1929, alilitaja jiwe hilo kwa jina katika hotuba yake ya Washington ya 1963. Leo watoto wa Fizi wanasoma chini ya jiwe hilo hilo.

Kwa nini watu wetu walifikia pale

Hapa ndipo penye kiini cha habari, naomba tusiruke.

Kwetu, mwenye pesa anatafuta parsele karibu na barabara kubwa na soko, na maskini anasukumwa nyuma, mlimani ama kwenye maji. Marekani, baada ya vita ya pili ya dunia, ilikwenda kinyume. Magari yalikuwa mengi, serikali ilifungua barabara pana, na Wazungu wenye kazi nzuri walitoka katikati ya miji wakajenga pembeni. Sehemu hizo za pembeni ndizo mnazoziona kwenye filamu: nyumba nzuri, garaji, mtoto na baiskeli yake. Weusi hawakukaribishwa humo, hata wenye pesa, mpaka sheria ya 1968 ilipokataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake.

Clarkston iliingia katika wimbi hilo kwa njia yake. Katika miaka ya 1970 Atlanta ilikua haraka sana na uwanja wake wa ndege ukapanuka. Wajenzi wakapandisha Clarkston majumba ya kupangisha ya etaje mbili tatu, makundi kwa makundi, wakiwawazia wafanyakazi vijana wa Kizungu. Mwaka 1980 watu 9 hivi juu ya 10 walikuwa Wazungu. Halafu barabara zikasonga mbele zaidi, nyumba mpya zikajengwa mbali zaidi, na wale wapangaji wakahama tena. Majumba yakabaki na vyumba vitupu, kodi ikashuka, wenye majumba wakaacha kutengeneza. Kufikia mwaka 2000 Wazungu hawakufika robo ya wakaaji.

Sasa jiwekeni mahali pa shirika linalopokea wakimbizi. Unatafuta nini? Vyumba vitupu vingi, kodi ya chini, basi la watu wote, kazi zisizodai Kiingereza kingi, zote zisiwe mbali na mji mkubwa. Clarkston ilikuwa na yote hayo. Walianza kuleta Wavietinamu, wakafuata Wabosnia, Wasomali, Waethiopia, Waliberia, Wabhutani, Waburma, na Wakongo wetu. IRC, shirika hili hili mnaloona magari yake katika Kivu, lina ofisi Atlanta na limepokea wengi. Leo watu husema kwamba ndani ya mji ule mdogo kuna lugha zaidi ya 60.

Ninyi wa Misisi mtaelewa kuliko wengine. Mahali palikuwa na watu wachache, ghafla wanafika watu kutoka pande zote, kila kabila na chakula chake, mwenyeji anaamka asubuhi hajui jirani anasema nini. Tofauti ni kwamba Misisi watu walifuata dhahabu kwa miguu yao wenyewe, na nyumba zikaanza na miti na shitingi. Clarkston nyumba zilikuwa zimeshajengwa na kuachwa, na watu wakapelekwa kuingia ndani. Hawakuchagua. Binti wa yule mama hakuiona Clarkston kwenye ramani na kusema nipelekeni pale.

Basi mtu wetu anayekaa pembeni ya Atlanta haishi katika pembeni ya filamu. Anaishi katika pembeni iliyozeeka, ambayo wenyewe wa kwanza waliiacha. Hiyo si aibu, na si jehanamu pia. Lakini ni lazima kujua.

Uwanja wa Milam

Wenyeji waliobaki hawakufurahi wote, na vijana watapenda kusikia habari moja juu ya mpira.

Mwaka 2004 mwanamke mmoja kutoka Jordani, Luma Mufleh, alianzisha timu ya watoto wakimbizi, akaiita Fugees. Walicheza humo watoto wa Kongo, Burundi, Liberia, Sudani, Afganistani, Bosnia, mchanganyiko wa kila namna. Mwaka 2006 meya wa wakati huo alikataa wasicheze katika Milam Park, uwanja mzuri wa majani wa mji. Alisema pale ni mahali pa besiboli, si pa mpira wa miguu. Fikirini: uwanja uko mtupu, watoto wako na mpira, mlango umefungwa. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo Januari 2007 na dunia nzima ikaisoma. Kitabu kikafuata mwaka 2009. Meya huyo alikwisha kuondoka madarakani zamani. Baadaye wahamiaji waliozaliwa Afrika walipata kukaa ndani ya baraza la mji, mahali pale pale sheria za uwanja zinapopitishwa.

Na kanisa je? Kanisa la zamani la Kibaptisti la Clarkston liliona viti vyake vinabaki vitupu, kwa kuwa Wazungu walikuwa wamehama. Wakabishana kati yao. Mwishowe, katika miaka ya 2000, walibadilisha jina, wakajiita Clarkston International Bible Church, wakawafungulia mlango wageni. Wengine waliondoka kwa ajili ya jambo hilo. Nami ninawaelewa kidogo, maana ninajua makanisa yetu hapa ambayo kiti cha mbele kikikaliwa na mgeni kuna kelele wiki nzima.

Duka nalo liligeuka. Thriftown, duka la vyakula la mji, lilikuwa karibu kufa kwa kukosa wateja mpaka lilipoanza kuuza vyakula vya wageni. Tangu 2015 kituo kimoja cha zamani cha petroli kimekuwa mahali pa kahawa, Refuge Coffee, ambapo wakimbizi hufanya kazi na kujifunza.

Njia, kazi na kodi

Turudi kwa swali la pili la mama: mtu wa Marekani akose njia namna gani?

Kuna barabara kubwa inayoizunguka Atlanta kama mshipi, inaitwa 285, kilomita 103 hivi kwa mzunguko. Clarkston iko karibu na mshipi huo upande wa mashariki. Magari yanapita usiku na mchana, lakini huwezi kutembea kwa miguu juu yake, wala hakuna pikipiki ya kusimamisha kwa mkono. Miji ya pembeni ilichorwa kwa mtu mwenye gari. Barabara nyingi hazikuwa hata na njia ya miguu, ingawa siku hizi Clarkston imejenga kadhaa. Basi lipo. Treni ya umeme ya Atlanta ipo pia, na kituo chake cha mwisho cha mashariki, Indian Creek, kilichofunguliwa 1993, kiko kusini ya mji, kilomita chache. Mtu huchukua basi kwanza ndipo afike. Treni hiyo inakupeleka katikati ya Atlanta ama uwanja wa ndege. Haikupeleki kazini, kama kazi yako iko kwenye kuku.

Na wengi kazi yao ni kuku. Georgia inachinja kuku kuliko jimbo lolote la Marekani, na viwanda vingi viko upande wa Gainesville, kaskazini-mashariki, kama kilomita 80 kutoka Clarkston. Watu wanapanda gari dogo la pamoja kabla ya mapambazuko, wanasimama siku nzima kwenye baridi ya kiwanda wakikata nyama, wanarudi jioni. Ukikosa gari lile, umekosa siku.

Tufanye hesabu pamoja, hasa ninyi wenye kupiga simu mkiomba. Mshahara wa chini kabisa wa sheria ni dola 7.25 kwa saa, haujapanda tangu 2009. Saa 40 kwa wiki ni dola 290, na mwezi wa wiki nne ni 1,160, kabla ya kodi ya serikali. Viwanda vya kuku vinalipa zaidi ya hapo, ni kweli. Lakini chumba cha familia Clarkston, ile iliyokuwa rahisi, sasa kinapita dola 1,000 kwa mwezi, na umeme, simu, gari na bima yake viko nje ya hesabu hiyo. Tena kuna deni ambalo wengi hawawaambii wazazi wao: tiketi ya ndege ya mkimbizi ni mkopo. Anatia sahihi kabla ya kupanda, na baada ya miezi michache anaanza kurudisha kidogo kidogo, familia nzima, watoto ndani. Msaada wa kwanza wa shirika la kumpokea ni wa siku 90. Baada ya hapo ni mikono yake.

Sisemi msiombe. Matanga ni matanga, na mtoto aliyezaliwa Fizi akikaa kimya wakati baba yake anazikwa, hiyo pia ni kidonda. Nasema muombe mkijua kinatoka wapi. Familia moja ninayoijua iliacha kusemezana na kijana wao mwaka mzima kwa ajili ya mabati ya nyumba. Walikuwa na picha yake amesimama mbele ya gari. Gari lilikuwa la jirani.

Mlango ulivyo sasa

Kwa vijana nina neno fupi. Katika mwaka wa hesabu wa Marekani uliokwisha Septemba 2024 walipokea wakimbizi 100,000 hivi, na Wakongo walikuwa wa kwanza kwa wingi, zaidi ya 19,000. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya alisimamisha mpango huo. Watu waliokuwa wameshapewa siku ya kusafiri walirudishwa kambini na mizigo yao, wengine wamekwisha kuuza vyombo. Kwa mwaka ulioanza Oktoba 2025 kikomo kiliwekwa 7,500 tu, na ikasemwa sehemu kubwa ni kwa Wazungu wa Afrika Kusini.

Nasikia machimboni kuna watu wanaokusanya gramu za vijana wakiahidi kuingiza majina yao kwenye "listi ya Amerika". Listi ya namna hiyo haipo. Hata wakati mlango ulikuwa wazi, UNHCR haikuuza nafasi kwa mtu yeyote. Huduma ile ni bure. Mtu akikudai dhahabu kwa ajili ya fomu, mpeleke kwa mutwale akaeleze mbele ya watu.

Kwa wazazi, jambo moja la mwisho, juu ya simu. Clarkston iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa baridi yao, na saa 6 kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba. Ukipiga saa 12 za asubuhi baada ya maombi, kule ni katikati ya usiku, na mtu wa kuku ataamka saa 9 kufuata gari. Mama yule nimemwambia apige Jumapili, saa 3 za usiku za hapa. Kule inakuwa mchana, saa 8 ama saa 9, watu wametoka ibadani na chakula kiko mezani.